Ulizeni: "Mia ya Watu Gani?"

Wakulima wa Bahati, Subukia na Molo, fikirini jambo hili. Mtu ana ng'ombe 10. Watano wanakamwa, na kila mmoja wao hutoa lita 8 kwa siku. Akijisifu kwamba kundi lake lote hutoa lita 8 kwa kila ng'ombe, ajidanganya. Kwa kundi zima ni lita 4 tu.

Hesabu za afya ni vivyo hivyo. Uchunguzi wa KENPHIA, ulioanza mwaka wa 2018, uliwapima watu wa miaka 15 hadi 64 katika Kenya. Ulionyesha kwamba katika kila watu 100 waliotumia dawa za UKIMWI, karibu 91 walikuwa wamevidhibiti virusi. Hiyo ni habari njema. Lakini mia hiyo ni ya watumiao dawa, si ya wote wenye virusi.

Basi hesabuni tangu mwanzo. Katika watu 100 wenye virusi, karibu 80 walijua hali yao. Katika hao 80, 96 kwa mia walitumia dawa, yaani watu 77. Katika hao 77, 91 kwa mia walividhibiti virusi, yaani watu 70.

Wamebaki 30. Kwa hesabu hii, 7 walitumia dawa bila kufaulu, 3 hawakuzitumia, na 20 hawakujua kabisa. Hasara kubwa i katika kutopimwa.

Mkulima mwema hangoji ng'ombe aanguke ndipo amwite daktari. Nendeni mkapimwe, mume na mke pamoja.