Nywila Bila Kufuli Haifai Kitu

Katika majengo mengi ya biashara jijini Nairobi, mgeni hukaguliwa langoni. Bawabu humpekua mkoba na kuandika nambari ya kitambulisho chake kabla ya kumruhusu kupanda lifti. Hayo ni mema. La kushangaza ni kwamba mgeni huyohuyo akishafika orofani, aghalabu hukuta kabati la mitambo ya mtandao li wazi kando ya ngazi, nyaya zinaning'inia, na hapana wa kumwuliza anatafuta nini.

Tangu mwaka 2009, kebo za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa kutoka baharini, shughuli zetu nyingi zimehamia mtandaoni. Akiba za vyama vya ushirika, mishahara na rekodi za wagonjwa hupita katika nyaya hizo. Lakini majengo yetu mengi yalijengwa kabla ya hapo. Waya wa shaba unaotumika maofisini hautakiwi kuzidi mita 100 kutoka kwa swichi, yaani mtambo unaogawa mawasiliano, hadi kwenye kompyuta. Kwa hiyo jengo kubwa halina budi kuwa na swichi katika orofa kadhaa. Pale ambapo msanifu hakutenga chumba chake, swichi hutundikwa ujiani au katika stoo ya mifagio.

Hatari yake si ndogo. Mtu akichomeka kijitambo chake katika tundu tupu la swichi, huenda akauingia mtandao wa ndani bila kukabiliana na ngome iliyowekwa kuzuia wavamizi wa nje. Akikata waya mkuu, ofisi nzima hunyamaza. Nywila, hata iwe ndefu vipi, haimzuii mwenye mkasi.

Je, nani alaumiwe? Mwenye jengo husema mitambo ni ya mpangaji. Mpangaji husema ujia ni wa mwenye jengo. Kampuni ya intaneti humtuma fundi, naye akimaliza kazi huenda zake. Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa chombo hakina nahodha hata mmoja.

Wapo watakaosema kuwa sheria zatosha. Ni kweli, sheria ya mwaka 2018 humwadhibu anayeingilia kompyuta bila idhini, na ile ya 2019 humtaka anayehifadhi data za watu azilinde. Hata hivyo, hukumu huja baada ya hasara. Sheria haiwezi kufunga kabati.

Dawa yenyewe si ghali. Mkataba wa upangaji utaje waziwazi ni nani mlinzi wa mitambo hiyo. Makabati yafungwe, na kila anayechukua ufunguo aandikwe daftarini. Matundu yasiyotumika yazimwe. Nyaya zipitishwe ndani ya mifereji iliyofunikwa, na fundi yeyote asindikizwe hata kama amevaa sare.

Nanyi walimu wa somo la kompyuta, mnapowafunza vijana kutunga nywila, wapelekeni pia ujiani wakaone swichi ya shule imewekwa wapi na ufunguo wake anao nani. Kesho wao ndio watakaochora majengo, kuyamiliki na kuyapanga. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na kufuli, tukumbuke, ni rahisi kuliko ukuta.