Vichupo Visivyofungwa
Mwalimu mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu Butimba anayeandaa somo kwa simu hujikuta na vichupo tele (kurasa zilizofunguliwa kwenye kivinjari): vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, mitihani iliyopita ya NECTA, video za muziki, vyote vikingoja kesho. Kwenye simu za Android, kivinjari cha Chrome kikipita vichupo 99 huacha kuhesabu na kuweka alama ya uso unaocheka. Walimu wanafunzi, msifike huko: vihamishieni vichupo hivyo kwenye programu ya madokezo kama Google Keep, tena usiku uleule. Ila kiungo kitupu hakitoshi, maana bando likiisha hakifunguki! Nakilini aya yenyewe, na juu yake andikeni ni ya mada gani, darasa la ngapi. Kichupo kisicho na jibu la maswali hayo mawili, kifungeni.