Kabla ya Kujenga Mwaya, Tuulize Maji Hufika Wapi

Kuhama ni jambo zito. Mtu akihama peke yake hubeba kitanda na sanduku. Akihama na mke na watoto, hubeba pia afya yao, masomo yao na usingizi wao wa usiku. Kwa hiyo tumeona inafaa leo kutoa maoni yetu juu ya jambo linalozungumzwa sana mabarazani na kuandikwa kwa nadra, nalo ni uchaguzi wa mahali pa kuishi kwa mwananchi wa visiwani anayepelekwa kikazi, au anayekwenda kwa biashara yake mwenyewe, katika wilaya ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa.

Safari hiyo si ngeni kwetu. Watumishi wa Uhamiaji, Polisi, forodha na vyombo vingine vya Muungano hupelekwa popote wanapohitajika, na kituo cha mpakani cha Kasumulu, kando ya mto Songwe unaotutenganisha na ndugu zetu wa Malawi, kinahitaji watu. Wafanyabiashara nao huufuata mchele wa Kyela, ambao harufu yake inajulikana hata katika majiko ya Unguja na Pemba. Kwa kawaida baba hutangulia. Hupanga chumba mjini Kyela, akala hotelini, akahesabu siku. Miezi ikipita huanza kutafuta mahali pa kuileta familia: mahali patulivu, penye uwanja wa watoto kuchezea, ambapo yeye aweza kwenda kazini asubuhi na kurejea jioni kabla watoto hawajalala.

Mtu wa visiwani akitafuta mahali pa namna hiyo, macho yake huelekea majini. Akifika Mwaya huona ufuko, mitumbwi, nyavu zilizoanikwa, migomba na michikichi, na maji yasiyo na ng'ambo. Moyo humwambia kwamba amefika nyumbani. Hatumlaumu. Lakini tunataka kumwambia kwamba ziwa si bahari, na kwamba mapenzi ya kwanza si kipimo cha kutosha cha mahali pa kulea watoto.

Bahari yetu hupwa na kujaa kila siku, na kila mtoto wa pwani hujua mpaka wake. Ziwa Nyasa halina desturi hiyo. Hupanda pole pole kwa miezi ya mvua, likafika juu kabisa mwishoni mwa masika, kisha likashuka mpaka mwisho wa mwaka. Tofauti ya kimo hukaribia mita moja. Mita moja kwenye mwamba si kitu. Mita moja kwenye uwanda ulio tambarare kama wa Kyela ni hatua nyingi za nchi kavu kugeuka maji. Zaidi ya hayo, ziwa lina miaka yake. Kati ya mwaka 1915 na 1935 lilipungua hata mto Shire, ambao ndio mlango wake wa kutokea kule kusini, ukakauka kwa kiasi cha kutopitisha maji ya kutajika. Baadaye likapanda, na mwishoni mwa miaka ya 1970 likafikia kimo kikubwa sana. Aliyejenga kwa kufuata ufuko wa miaka ya ukame alikuwa amejenga ndani ya ziwa bila kujua.

Upepo nao ni vivyo hivyo. Sisi tunaijua kusi. Katika Ziwa Nyasa upepo wa kusini-mashariki huvuma katika miezi hiyo hiyo, ukasafiri juu ya maji kwa zaidi ya kilomita 500 bila kizuizi, na mawimbi yake huishia upande wa kaskazini, yaani upande wa Mwaya, Itungi na Matema. Mzazi asimwachie mtoto ufukoni ati kwa kuwa maji hayana chumvi.

Tena, nyuma ya uwanda huo imesimama milima ya Rungwe na Livingstone. Mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka huko kwa kasi, ikafika chini ikatawanyika. Kyela hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa huanguka kati ya Machi na Mei. Ndiyo sababu mpunga husitawi; na ndiyo sababu, mara nyingi katika miezi hiyo, tumesikia habari za nyumba kuzingirwa na maji, barabara kukatika na vyoo kufurika. Neema na taabu za Kyela hutoka katika chemchemi moja. Maji yakiisha kupungua huacha mbu, na choo kilichofurika huacha kipindupindu, ugonjwa ambao umekwisha kuzuka zaidi ya mara moja katika mwambao huo. Kichocho, ambacho watu wa Pemba na Unguja hawahitaji kufundishwa, kipo. Na kando ya mito iendayo kasi pamekuwa na usubi, mdudu ambaye kuumwa naye kwa muda mrefu kwaweza kumpofusha mtu.

Historia ya mwambao huo imejaa watu waliochagua mahali kisha wakapahama. Wajerumani walipofika walijenga kituo chao mwaka 1893 kando ya ziwa, mahali palipoitwa Langenburg. Walikuwa na meli, fedha na askari, lakini homa haikujali hayo. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamekwisha panda mlimani na kujenga Langenburg mpya, ambayo leo ni Tukuyu, na Mwaya ikabaki kuwa bandari ya kuhudumia mji huo. Baadaye kazi ya meli ikahamia Itungi. Itungi nayo ikasumbuliwa na mchanga na tope, na bandari ya Kiwira ikachukua sehemu ya kazi yake. Ikiwa serikali na meli zimelazimika kuhama mara zote hizo, je, baba mwenye mshahara mmoja aseme nini akiona ametia akiba yake ya miaka kumi mahali pasipofaa?

Hatusemi kwamba watu wasiishi Mwaya. Kusema hivyo kungekuwa ni kuwavunjia heshima Wanyakyusa walioishi katika uwanda huo kwa vizazi vingi, wakalima, wakavua na kulea. Mskoti Joseph Thomson alipopita nchi yao mwaka 1879 alistaajabia usafi wa vijiji na uzuri wa migomba yao. Tunasema kwamba wenyeji wanajua jambo ambalo mgeni hajui: wanajua tuta lipi hubaki kavu Aprili inapofika, na bonde lipi lafaa mpunga wala halifai kitanda. Tazama zilipo nyumba kongwe, miembe ya zamani na makaburi ya wazee. Watu hawazikani kwenye maji. Kiwanja kinachouzwa kwa bei rahisi katikati ya mashamba ya mpunga, mahali ambapo hapana hata nyumba moja ya mzee, hakikuachwa wazi kwa bahati.

Wazee hao walikuwa pia na elimu ya kuchagua majirani. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti huko katika miaka ya 1930, walieleza jinsi vijana wa rika moja walivyotoka katika kijiji cha baba zao na kuanzisha kijiji chao wenyewe jirani na pale. Walianza wakiwa wavulana wadogo: walilala kwenye vibanda vyao vipya na kurudi kula kwa mama zao. Walipokua walioa na kukaa hapo, na kizazi kilipokabidhiana madaraka, ardhi iligawanywa kwa utaratibu ulioshuhudiwa na wote. Zamani hizo zimepita, lakini fundisho limebaki. Hawakuhama kwa pupa wala mmoja mmoja. Na walihama mbali kiasi cha kujitegemea, karibu kiasi cha kufikiwa na chungu cha mama. Kwa mtumishi wa leo tafsiri yake ni hii: usikae mbali na kazi hata ukawa mgeni wa watoto wako mwenyewe, wala usikae mahali ambapo mkeo akiugua usiku hakuna wa kumwita.

Kwa hiyo tunawashauri wenzetu mambo machache. La kwanza, mtu asikague kiwanja Septemba, wakati nchi imekauka na kila njia inapitika. Aende Aprili. Aende kwa miguu, avuke vijito, aulize maji ya mwaka jana yalifika wapi, na aoneshwe alama ukutani. Safari moja ya masika ina faida kuliko maneno ya madalali kumi.

La pili, apime njia na wala asipime umbali peke yake. Barabara ya Kikusya, Ipinda hadi Matema imetiwa lami, na faida yake ni kubwa kwa anayeishi karibu nayo. Lakini Mwaya iko pembeni, upande wa ziwa, na mwendo mfupi wa pikipiki wakati wa kiangazi waweza kuwa nusu siku ya tope wakati wa masika. Kama hakuna njia ya uhakika ya kufika kazini na ya kumfikisha mgonjwa hospitali mvua ikinyesha, basi afadhali familia ikae Ipinda au mjini Kyela na kwenda Mwaya kupunga upepo siku ya mapumziko.

La tatu, aulize habari za shule, zahanati, maji ya kunywa, na pia msikiti na chuo cha watoto. Asione haya kuuliza. Mwenyeji atamheshimu mgeni anayeuliza kabla ya kujenga kuliko yule anayelalamika baada ya kujenga. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

La nne, afuate sheria. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mgeni hana budi kupitia halmashauri ya kijiji, mbele ya watu, na si kunong'onezana na mtu mmoja chini ya mwembe. Aidha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Anayeuziwa kiwanja ambacho mawimbi yanakirushia matone ameuziwa kesi.

Hata hivyo, itakuwa si haki kumtwika mwananchi mzigo wote. Wako viongozi waliokabidhiwa dhamana. Tunawaomba waone kwamba mita 60 kwenye uwanda tambarare zaweza kuwa hazitoshi, kwani hapo mpaka wa kweli ni kimo cha mafuriko. Pangepigwa vigingi vya kudumu, Mwaya na kwingineko, kuonyesha maji yalipofika katika miaka mibaya, kila mjenzi angejua bila ya kuhitaji mhandisi. Viwanja vipimwe kwenye miinuko kabla watu hawajajenga. Wakala wa Maji Vijijini, RUWASA, ulioundwa mwaka 2019, ushirikishwe mapema, maana bomba likitanguliwa na nyumba huja limechelewa. Na ofisi zinazowahamisha watumishi wenye watoto ziwaeleze kweli juu ya makazi ya huko kabla hazijawakabidhi barua za uhamisho.

Tena tunaomba wananchi wasikilizwe. Kati ya mwaka 1973 na 1976, nchi yetu ilipohamishia watu katika vijiji, nia ilikuwa njema: shule, maji na zahanati viwafikie wote. Lakini kuna mahali palipochaguliwa na ofisi pasipo kumwuliza aliyejua udongo, na watu wakateseka. Nasi wa visiwani hatuna sababu ya kujiona werevu zaidi. Tumeshuhudia mitaa ikiota pembezoni mwa mji wa Unguja katika mabonde ya maji, na tunakumbuka jinsi maji ya mvua yalivyokuwa yakituama Mwanakwerekwe mpaka gari zikashindwa kupita. Maji hayo yalikuwa na njia yake kabla yetu. Sisi ndio tuliojenga juu yake.

Mtumishi ambaye familia yake imekaa vizuri hufanya kazi kwa moyo mmoja. Yule ambaye mkewe na watoto wamebaki visiwani kwa kuwa hakupata pa kuwaweka, au ambaye kila masika hulala macho akisikiliza mto, mwili wake uko kazini na roho yake haipo. Mwaya ni mahali pazuri. Tungependa kuona watoto wa visiwani wakikua huko pamoja na watoto wa Kinyakyusa, wakijifunza lugha yao na kula mchele wao kwenye sahani moja. Ili hayo yawe, vigingi vitangulie, mabomba yafuate, kisha nyumba zije mwisho.