Feri ya kutia mdomo mchangani

Wiki hii tuache kwanza mambo ya nyumba ndogo na mashoga wanaokimbia na upatu. Tuzungumze juu ya chombo. Usifunue ukurasa, sio somo la jiografia.

Tangu 19 Juni 2025, Rais Samia alipolifungua Daraja la JPM pale Kigongo–Busisi, watu wa Mwanza tumekuwa na madaha kweli kweli. Kilometa 3 za maji unazipita hujamaliza kumenya chungwa. Yale mambo ya kushuka kwenye basi, kununua samaki wa kukaanga na kusubiri feri mpaka abiria wote wanakuwa ndugu, yamekwisha. Mgonjwa wa Sengerema anakimbizwa Bugando usiku bila kuuliza feri iko upande gani. Sasa nani aililie feri?

Mimi naililia kidogo, na sababu ninayo.

Itazame feri vizuri. Tumbo bapa, haizami sana majini, na mlango wa mbele unalala chini magari yanatoka yenyewe. MV Victoria kwa uzuri wake wote haiwezi kitu hicho, lazima ipate gati. Feri ni binamu wa zile meli za kijeshi za kutua ufukweni, ambazo jeshi letu la wanamaji nalo linazo kule Pwani, za Kichina. Meli ya namna hiyo inakuja taratibu, inatupa nanga ya nyuma ikiwa bado mbali, inaingiza mdomo mchangani na kushusha mlango. Lori linatoka. Ikitaka kuondoka inajivuta kwa ile nanga yake ya nyuma. Hakuna gati wala winchi.

Mmarekani mmoja, Andrew Higgins wa New Orleans, alianza kwa kutengeneza boti za kupita kwenye vinamasi vya Louisiana. Vita ya Pili ilipokuja boti zake zikawekewa mlango wa mbele, na 6 Juni 1944 zikamwaga askari kule Normandy, Ufaransa. Baadaye wakubwa wakagundua kuwa kinachoshusha kifaru kinaweza kushusha unga pia. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, mji wa Meulaboh kule Aceh ulikatika na dunia. Jeshi la majini la Singapore liliwafikia kwa vyombo vya aina hiyo, wakateremsha matingatinga ufukweni na kuanza kufukua njia.

Ziwa letu nalo lina historia ya kutua, ingawa vyombo vilikuwa vya kuungaunga. Juni 1915 Waingereza walipakia askari kwenye meli za abiria za Kisumu, wakawashusha ufukweni Bukoba, wakavunja mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani na kupora mji. Julai 1916 wakaja Mwanza. Yaani wenye shari walijua zamani kwamba njia ya kufika huku ni maji. Wenye heri ndio tunachelewa.

Maana ukihesabu maafa ya ziwani utaona kitu kimoja. Tarehe 20 Septemba 2018, Alhamisi, MV Nyerere ilipinduka hatua chache tu kabla ya kufika Ukara, ikitokea Bugolora. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa ni zaidi ya 220. Wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Usiku utafutaji ukasitishwa. Jumamosi wazamiaji wakamkuta fundi wa kivuko yu hai, amejibana kwenye nafasi yenye hewa karibu na injini! Siku mbili, jamani. Siku zilizofuata ndipo chombo kikageuzwa, kazi ikisimamiwa na Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia majini Bukoba, kwa macho ya watu wa uwanja wa ndege. Waliotangulia? Wavuvi tena. Walikufa 19, wakaokoka 24.

Sitasema feri ni malaika. MV Nyerere yenyewe ilikuwa kivuko cha mlango wa mbele, na ukikijaza mara mbili hata Higgins mwenyewe angezama nacho. Halafu tumbo bapa halipendi mawimbi. Siku ziwa likichafuka utajuta kuzaliwa. Lakini Kigongo na Busisi zilikuwa na feri za kubeba magari 36 na watu 1,000. Moja tu ya namna hiyo ikiegeshwa Nansio na taa kubwa, winchi, mitungi ya wazamiaji na gari la wagonjwa juu yake, habari ingekuwa nyingine. Maji yakipanda na kumeza magati, kama mwaka 2020 ziwa lilipofikia kipimo cha 1964, yenyewe inatafuta mchanga popote inashusha.

Nilimwambia hivyo jamaa mmoja wa dagaa pale Mwaloni, mzaliwa wa Ukara. Akanitazama huku anafunga gunia.

"Kaka, maneno mazuri. Dizeli nani atatia?"

Nikasema serikali.

"Sawa. Na ikikaa miezi sita bila ajali, hawataipeleka kubeba mabasi kwingine?"

Nikakohoa.

"Basi waambie funguo zikae Nansio," akasema, "na nahodha alale humo humo. Sisi mitumbwi tunayo, tutatangulia kama siku zote. Tunachoomba ni taa. Usiku ule tuliambiwa giza, kesho. Watu bado walikuwa wamo ndani."

Akalitwika gunia lake, akaenda kuliwahi boti la saa 8.