Ukishusha gari, kumbuka njia ya nyumbani

Wadau, wiki hii siasa tuziweke kando. Nataka kuongelea ugonjwa wa vijana wenzangu, ambao na mimi nimeuugua: kushusha magari.

Nina Subaru Impreza, mtumba wa Japani. Ndiyo inayonipeleka kazini Dar kila siku. Desemba iliyopita nilimpelekea fundi, akashika grenda, akakata springi zote nne. Jioni ile gari lilikuwa limelala chini kama chui anayenyemelea. Nikajiona mjanja!

Sasa Wachagga tunajuana. Krismasi lazima urudi nyumbani. Kutoka Dar mpaka Moshi ni zaidi ya kilometa 500, na matuta hayahesabiki. Chalinze, Segera, Korogwe, Same, kote huko nilivuka matuta kiupandeupande kama kaa, malori yananipita. Lakini adabu nilifundishwa Uru. Mama alilitazama gari, akauliza: "Mwanangu, mbona limechuchumaa? Linaumwa?" Tukacheka.

Usiku wa tarehe 26 bibi alipandwa na presha. Gari pale nyumbani lilikuwa langu tu. Njia ya kwetu inapita katikati ya migomba, ni udongo mwekundu, magurudumu yamechimba pande mbili na katikati kumebaki mgongo. Hatukufika mbali. Gari lilikaa tumbo juu ya ule mgongo, matairi yakazunguka bure, bibi yumo ndani anahema. Aliyetuokoa ni jirani mwenye pikapu ya kubebea ndizi. Bibi alipona, namshukuru Mungu. Baba hakunisema hata neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tuwe wakweli. Kushusha gari si ujinga mtupu. Kitovu cha uzito kikishuka, uzito unaohama gari linapokata kona unapungua. Ndiyo maana magari ya mashindano ya lami yako chini. Lakini yale yamefungwa springi na shokapu zilizotengenezwa ziendane, kisha yanapimwa matairi upya. Sisi tunakata kwa macho. Springi ikikatwa inakuwa fupi na ngumu zaidi, shokapu inabaki ile ile ya zamani, na nafasi ya kupanda na kushuka inakwisha. Kila shimo linagonga mpaka mwisho. Matairi yanalala kwa ndani na kulika upande mmoja. Gurudumu likining'inia shimoni, springi fupi inaweza kulegea na kuhama mahali pake. Na wanaopasha springi moto kwa gesi ndio wanaharibu zaidi, maana chuma kinapoteza ugumu wake.

Kinachonichekesha ni kwamba Subaru tunayoiga haikupata jina kwa kulala chini. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya akiwa na Impreza. Magari ya Safari yaliinuliwa, yakapewa nafasi kubwa ya magurudumu kupanda na kushuka, kwa sababu wahandisi walijua barabara za Afrika Mashariki zikoje. Wageni walikuja kwetu wakainua. Sisi wenye barabara tunashusha!

Kuna watakaosema tusiwalaumu vijana, tuilaumu serikali itengeneze barabara. Nakubali barabara za vijijini zinatia aibu, na kwenye gazeti nimeziandika mara nyingi. Lakini bibi yangu asingeweza kusubiri lami usiku ule. Gari tunalinunua kwa ajili ya barabara iliyopo.

Ushauri wangu ni huu. Kama una gari la pili la kuchezea, shusha, ila nunua springi na shokapu za kazi hiyo. Kama gari ni moja, la kazini, la msibani na la kumpeleka mgonjwa hospitali, liache kama lilivyotoka kiwandani. Urefu wa gari haupimwi kwa lami ya mjini. Unapimwa kwa kile kipande kibaya kuliko vyote, kinachofika mlangoni kwa mama yako.

Mimi nimesharudisha springi za kiwanda. Washkaji wananiambia gari langu sasa linafanana na la mwalimu mkuu. Sawa tu. Mwalimu mkuu anafika nyumbani.

Nawakilisha.