Bunduki Nazo Zina Mizani

Kuna lalamiko moja limenichosha. Mtu anapigwa kwenye Counter-Strike, kabla hata raundi haijaisha ameshaanza kwenye maiki: "Gemu gani hii? Bunduki ya kweli haiko hivi!" Anataka uhalisia. Eti kofia ya askari haiwezi kuzuia risasi ya M4 kichwani, mbona hapa inamwacha adui hai, wakati AK-47 inamwangusha kwa risasi moja, kofia na yote?

Kuhusu chuma yuko sahihi. Kuhusu gemu amepotea.

Timu ni mbili, na kila raundi unanunua silaha kwa pesa ulizochuma. AK ni ya upande mmoja, M4 ya upande wa pili. AK ni nafuu na inaua haraka, lakini ukiibana mfululizo inaruka juu kama mbuzi aliyekatika kamba. M4 ni ghali zaidi, ila inatulia mkononi. AWP inaua kwa risasi moja ya kifua. Nayo ni dola 4,750, inakupunguzia mwendo, na ukikosa una zaidi ya sekunde nzima ya kujuta. Kila ubora umelipiwa kwa udhaifu.

Sisi wapenzi wa ushairi tunalijua jambo hili, tena kwa jina lilelile: mizani. Hakuna anayenunua nyanya sokoni kwa mishororo ya mizani kumi na sita, na bado hatumwambii malenga kwamba amedanganya. Kipimo ndicho kinachotuonyesha ufundi wake. Kwenye gemu, ndicho kinachonifanya nikipigwa nijiulize nimekosea wapi.

Sikatai, mizani ina ugonjwa wake. Watengenezaji wakipunguza hapa na kuongeza pale mpaka bunduki zote ziwe na ladha moja, hilo ni shairi lenye vina bila neno la kusema. Hapo hata mimi nalalamika.

Ila hawa wa uhalisia, jamani, hawautaki wote. Wanataka mlio sahihi na nguvu sahihi ya risasi. Hawataki mguu uliovunjika, wala miezi ya wodini, wala mama wa marehemu. Bunduki ya kweli imeundwa ili adui asipate nafasi, na aliyepigwa harudi raundi ijayo. Gemu inampa nafasi, halafu inamrudisha. Hilo nitalitetea, hata siku ambayo aliyelala chini ni mimi.