Mafunzo Yasiyopimwa ni Ubadhirifu

Ndugu mwanafunzi wa Kiswahili,

Nchini Uganda, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipendekeza Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, na likakubaliana kwamba mafunzo yaanzishwe kwa wabunge, mawaziri na wanahabari. Hatua hizo ni njema. Hata hivyo, kabla ya kuufungua mfuko wa umma, tunapaswa kuuliza swali ambalo wakubwa wengi wa ofisi hulikwepa: nani anahitaji mafunzo yapi, kwa ajili ya kazi ipi?

Hitaji la mafunzo ni pengo lililopo baina ya ujuzi unaodaiwa na kazi na ujuzi alio nao mfanyakazi. Pengo hilo hupimwa, halikisiwi. Wamarekani McGehee na Thayer walieleza tangu mwaka 1961 kwamba tutazame mambo matatu: taasisi inataka kufika wapi, kazi yenyewe inadai nini, na ni mfanyakazi yupi aliyepungukiwa.

Chukua mfano wa Kiswahili. Afisa uhamiaji aliyeko Mutukula, mpakani na Tanzania, anahitaji kumhoji msafiri, kulielewa jibu lake na kumweleza haki zake. Karani wa forodha aliyeko Malaba anahitaji msamiati wa ushuru na shehena. Muuguzi anahitaji kuelewa mgonjwa anaumwa wapi na kumweleza kipimo cha dawa bila utata. Ukiwakusanya watatu hawa katika darasa moja ukawakaririsha ngeli za nomino kwa juma zima, umemfundisha nani?

Lakini ndivyo mambo yaendavyo katika ofisi nyingi. Barua hutumwa, ukumbi hukodiwa, posho hulipwa, vyeti hugawiwa. Wanaoteuliwa ni walio karibu na mkubwa, ilhali anayewahudumia wananchi dirishani kutwa nzima huachwa. Pengine wafanyakazi hupewa dodoso linalouliza: "Ungependa kusoma kozi gani?" Swali hilo hupima matamanio, kisha ripoti huyaita mahitaji.

Watetezi wa mtindo huu husema kwamba tathmini hugharimu fedha na wakati. Hoja hiyo ni dhaifu. Keti karibu na dirisha la huduma siku mbili, utazame. Soma malalamiko ya wananchi. Linganisha maelezo ya kazi na utendaji wa kila siku. Zungumza na mfanyakazi na msimamizi wake, kila mmoja kwa faragha, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kazi hiyo haihitaji ukumbi wala posho.

Tena, tathmini ya kweli humwambia mkubwa jambo asilopenda kulisikia: si kila kasoro huponywa kwa mafunzo. Ikiwa karani huchelewesha huduma kwa sababu watu watano hugombea kompyuta moja, semina haitaleta kompyuta ya pili. Ikiwa mfanyakazi anaijua kazi ila amevunjwa moyo na mshahara unaochelewa, kumrudisha darasani ni kumdhihaki.

Anayelipia uzembe huu ni mwananchi. Hulipa mara ya kwanza kwa kodi iliyogharimia semina, na mara ya pili anaposimama dirishani asieleweke.

Nawe kesho utakuwa kazini, huenda ukiwa mkalimani, mwalimu au mtumishi wa umma. Ukiitwa mafunzoni, uliza: Ni pengo gani limeonekana? Limepimwaje? Tutajuaje kwamba limezibwa? Uliza kwa adabu na kwa Kiswahili fasaha, na usikubali kujibiwa kwa cheti.